Hesabu vidude kabla hujalipa: ramu, madabodi na kompyuta yangu ya zamani hapa Lamu

Bahasha ilifika Jumamosi baada ya alasiri. Basi la Mombasa huishia Mokowe na kutoka pale ni boti, kwa hivo mpwa wangu akashuka jetini kuipokea akaja nayo mbio mpaka nyumbani Langoni, jasho linamtiririka. Ndani mna ramu mbili (vibao vya memori ya kompyuta) za aina ya DDR3, kila moja gigabaiti nne, nlizozingoja wiki nzima. Nikazima mashine, nikachomoa waya wa stima, nikashika chuma cha kesi kidogo kutoa umeme wa mwilini, nikang'oa ramu za zamani nikapachika hizi mpya mpaka vishikizo vikalia tak, tak. Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Halafu ikaanza, piiiii, kimya, piiiii, kimya, piiiii.

Aliyewahi kuusikia mlio huo anaujua. Mashine inakwambia haijaona memori.

Sasa niwaeleze kwanza kwa nini nilikuwa nazitaka ramu hizi hivo. Mimi kazi yangu ni video za harusi, upande wa wanawake. Siku ya kupamba bi harusi anakaa kichwa wazi, wageni wamevua mabuibui, simu zote zimeachwa mlangoni, mwenye kamera ndani ya chumba kile ni mimi peke yangu. Video zile ni amana. Siwezi kuzitia kwenye flashi nikampelekea kijana wa saiba mwenye mashine kali ati anisaidie kurenda (kuigeuza kazi iliyokatwa iwe video kamili), hata awe ndugu yangu wa tumbo moja. Zinaingia kwenye kompyuta yangu, zinakatwa hapahapa chumbani, zinatoka zikiwa mkononi mwa mamake bi harusi basi. Kwa hivo mashine yangu ikiwa nzito, mimi sina pa kukimbilia, lazima hiihii iweze.

Na hii yangu ni ya zamani kweli. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ni Core 2 Quad Q6600, ile ya kori nne iliyotoka Januari 2007, gigahezi 2.4, inakaa kwenye tundu la LGA775. Madabodi, ubao mkuu unaobeba vyote, ni ya chipseti (chipu inayoongoza ubao) G41 ya Intel, ina slotu mbili tu za ramu, za DDR3. Ramu zilikuwa mbili za gigabaiti mbilimbili, jumla nne. Video za HD za saa mbili zikiingia humo memori inajaa hata sijaongeza maandishi, diski inaanza kukwaruza, kila nikisogeza kitu nangoja. Kurenda harusi moja ilikuwa masaa matano na kitu. Mama akiamka alfajiri kuswali ananikuta bado nimekaa, ananambia "hata yeo huyalala? Mato yatakwisha hayo."

Mpango wangu ulikuwa mambo mawili kwa pamoja: memori ipande ifike gigabaiti nane, na prosesa niiovakloki, yaani niikimbize kuliko ilivyoandikwa, kutoka 2.4 mpaka gigahezi 3.0. Q6600 inasifika kwa hilo, hasa zile za toleo la G0. Ukitaka kujua yako ni ipi toa kipoza joto, futa pesti iliyopakwa chini yake, usome maandishi juu ya kifuniko cha prosesa, ukiona SLACR hiyo ni G0, ukiona SL9UM ni ya mwanzo ya B3 ambayo joto lake ni kali zaidi. Yangu ilikuwa SLACR. Nilifurahi usiku ule.

Turudi kwenye mlio. Jambo la kwanza nililoshuku ni chumvi. Mtu wa bara hawezi kulielewa hili vizuri, hapa hewa yenyewe inakula vyuma, bawaba, misumari, friji, na ile miguu ya dhahabu ya ramu ikikaa mwaka inashika utando usiouona kwa macho. Kwa hivo nikazitoa, nikachukua ufutio mweupe wa shule, nikasugua miguu yake taratibu pande zote mbili kuelekea nje, nikapangusa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikachukua brashi laini nikapita kwenye slotu. Huwa inasaidia sana hiyo, mara ngapi mashine za majirani zimefufuka kwa ufutio tu. Nikarudisha. Piiiii.

Nikajaribu moja moja. Slotu ya kwanza, piiiii. Ya pili, piiiii. Nikatoa betri ya CR2032 dakika kumi baiosi (programu ya kuwashia iliyomo ndani ya madabodi) isahau kila kitu. Piiiii. Nikarudisha zile kuukuu za gigabaiti mbili, mashine ikawaka mara moja.

Nikampigia aliyeniuzia kule Mombasa. Akanambia "dada, DDR3 ni DDR3, tatizo ni mashine yako." Hapo ndipo nliposhindwa kulala, manake sentensi hiyo nilikuwa naiamini hata mimi mpaka siku ile. Shimo la katikati ya ramu limekaa pale pale, miguu 240 ile ile, volti 1.5 zile zile, zimeingia kwenye slotu bila kulazimisha. Zinakosa nini?

Usiku nikaziweka mezani zote nne, mpya na kuukuu, nikawasha tochi ya simu nikazitazama kama mtu anayechagua dengu. Kuukuu: upande mmoja vidude vyeusi vinane, nyuma patupu, laini. Mpya: upande mmoja vidude vyeusi vinane, nyuma patupu, laini. Sawasawa kabisa. Lakini moja ni gigabaiti mbili na nyingine ni nne! Idadi ya vidude ni ile ile, basi kila kidude cha ile mpya kimebeba mara mbili. Hapo ndipo kitu kikaniingia kichwani.

Piga hesabu na mimi, biti nane ni baiti moja. Ramu kuukuu, vidude vinane, kila kimoja gigabiti mbili, jumla gigabiti kumi na sita, gawanya kwa nane unapata gigabaiti mbili. Ramu mpya, vidude vinane, kila kimoja gigabiti nne, jumla thelathini na mbili, gawanya kwa nane unapata gigabaiti nne. Na chipseti ya G41 mwisho wake ni kidude cha gigabiti mbili. Zaidi ya hapo haijui kukisoma. Siyo kwamba ramu ni mbovu wala madabodi ni mbovu, zote mbili nzima, ila moja inaongea lugha ambayo mwenzake alizaliwa kabla haijakuwepo.

Sasa kwa nini ni chipseti inayoamua na siyo prosesa? Kwa sababu kwenye mashine hizi za Core 2 msimamizi wa memori anakaa kwenye madabodi, ndani ya ile chipu yenye kipoza joto kidogo katikati ya ubao, tuiite daraja la kaskazini kama mafundi wanavyoiita. Intel walimhamisha akaingia ndani ya prosesa mwaka 2008 walipotoa Core i7 za kwanza, AMD walishafanya hivo tangu Athlon 64 mwaka 2003. Kwa hivo mwenye mashine mpya akiuliza ramu anatazama prosesa yake, lakini mwenye LGA775 kama mimi lazima amtazame madabodi kwanza. Prosesa yangu haina neno lolote kwenye jambo hili.

Kumbe gigabaiti nne zinazoingia kwenye G41 zipo, ila ni zile zenye vidude kumi na sita, nane mbele nane nyuma, kila kimoja gigabiti mbili. Na huhitaji hata kuvihesabu ikiwa lebo haijachunwa. Tafuta pale palipoandikwa R. Ukiona 4GB 2Rx8 hiyo ni ya pande mbili, inafaa. Ukiona 4GB 1Rx8 hiyo ni ya upande mmoja, usiichukue kwa bodi kama yangu. Baada ya hapo soma mbele kidogo, PC3-8500 ni ya kasi ya 1066, PC3-10600 ni 1333, PC3-12800 ni 1600. Herufi ya mwisho pia ina maana yake, U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptopu na haitaingia kabisa, R ni ya seva, na hii ya seva ndiyo yenye kudanganya watu manake inaingia kwenye slotu vizuri tu na bei yake ni rahisi lakini mashine ya kawaida haiwaki nayo. Na PC3L yenye L ni ile ya volti 1.35.

Nikamwandikia yule muuzaji, nikamtaka picha ya ramu mbele na nyuma kabla sijalipa nauli ya kurudisha. Alikasirika kidogo, lakini alituma, na ndani ya kisanduku chake zilikuwemo mbili za 2Rx8, tena za mtumba na bei pungufu. Tukabadilishana. Alhamisi zikafika, ufutio, spiriti, tak, tak, nikawasha. Gigabaiti nane. Niliita mama aje aone namba kwenye skrini.

Neno moja kwa wenye mashine za DDR2, manake najua mko wengi. Kuna ramu za DDR2 za gigabaiti nne zinauzwa rahisi sana, na pembeni kumeandikwa ni za AMD tu. Maandishi yale ni ya kweli, yaamini. Zimepangwa ndani kwa namna ambayo chipseti za Intel za wakati ule haziwezi kuzisoma, kwa hivo kwenye bodi ya Intel utapata mlio ule ule niliopata mimi. Na mwenye Windows ya biti 32, hata ukitia gigabaiti nane itatumia tatu na kitu, utakuwa umetupa pesa zako baharini mpaka uweke ya biti 64.

Haya, sehemu ya pili, kuikimbiza.

Q6600 inapata kasi yake kwa kuzidisha. Kuna mwendo wa msingi, ule wa njia inayounganisha prosesa na daraja la kaskazini, megahezi 266, halafu prosesa inazidisha mara 9, unapata 2.4. Kile cha 9 hakipandi, kimefungwa. Kinaweza kushuka mpaka 6 lakini kupanda hapana. Kwa hivo ukitaka kasi lazima upandishe ule 266, na ukiupandisha 333 unapata 333 mara 9, gigahezi tatu. Tatizo ni kwamba ramu nayo mwendo wake unatokana na namba ile ile. Ukimvuta mmoja umewavuta wote, prosesa, daraja, ramu, wamefungwa kamba moja kama mashua na hori lake.

Baiosi yangu inanipa chaguo mbili za ramu tu, 800 na 1066. Zinaonekana kama namba zisizobadilika lakini siyo, ni uwiano. Ile 1066 maana yake ni msingi mara mbili, halafu mara mbili tena kwa sababu DDR inapeleka data mara mbili kwa kila pigo. Kwa 266 unapata 1066 kweli, lakini msingi ukiwa 333 ile "1066" inageuka kuwa 1333 na hakuna mtu anayekuonya. Ile 800 ni msingi mara moja na nusu, kwa 333 inakuwa 1000.

Mimi nikaona ramu zangu zimeandikwa PC3-10600, yaani 1333 ndiyo kasi yao halali, basi nikachagua ya juu. Nikaona hata sijazikimbiza ramu, ziko pale pale zilipoandikwa, nimekimbiza prosesa tu. Windows ikawaka. Nikafungua programu ya kukata video, ikawa inateleza. Nikacheza na mashine saa mbili haikuzimika hata mara moja, nikajiona nimemaliza.

Jumapili ile nilikuwa na harusi. Nikarudi usiku na kadi mbili za kamera, nikaanza kunakili kwenye diski kama kawaida yangu. Asubuhi yake nikafungua klipu, pale bi harusi anapofunuliwa mtandio, dada zake wanapiga vigelegele, na kwenye uso wake ukapita mstari wa kijani, vipande vipande, nusu sekunde, ukaondoka. Nikarudisha nyuma. Upo palepale. Nikafungua klipu nyingine, safi. Ya tatu, safi. Ya nane, picha imekatika sauti inaendelea.

Nilidhani kamera. Nikachomeka kadi nikaicheza klipu ileile kutoka kwenye kadi yenyewe, haina mstari. Mikono ilinitetemeka wallahi, manake kadi ya pili nilikuwa nshaifungua kuiformati ili niitumie Jumanne, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Siku ile ya bi harusi hairudiwi. Vazi lile, mikono ile yenye hina, nyanya yake aliyekuwa ameletwa kwa kubebwa ili amuone, hakuna pa kuyapata tena.

Nikazima kila kitu nikakaa barazani nikitafakari. Ikiwa kadi ni nzima na nakala ni mbovu basi kitu kimeharibika njiani, na njiani mna ramu. Faili likinakiliwa linapita kwenye memori kabla ya kuandikwa kwenye diski, biti moja ikigeuka humo, sifuri ikawa moja, inaandikwa hivohivo. Ramu zetu za kawaida hazina ulinzi wa kugundua kosa kama za seva. Mashine haizimiki, hailii, haikwambii lolote.

Nikaitia Memtest86+ kwenye flashi nikaiwashia mashine. Ni programu ya bure, haihitaji Windows, inaandika na kusoma kila kona ya memori tena na tena. Kwenye dakika ya thelathini na saba mstari mwekundu wa kwanza. Halafu wa pili. Baada ya saa moja skrini nusu nyekundu. Nikatoa ramu moja, nikajaribu nyingine peke yake, makosa. Nikabadilisha, makosa. Nikarudisha kila kitu kwenye 266, ramu kwenye 1066 ya kweli, nikaacha usiku kucha. Sifuri.

Basi ramu ni nzima. Kilichokuwa kinachoka ni daraja. G41 Intel waliitangaza kwa DDR3 za 800 na 1066, hapo ndipo mwisho wake rasmi, ile 1333 ni mimi niliyeipandisha bila kujua nimeipandisha. Nilitazama lebo ya ramu nikasahau kuitazama chipseti, kosa la aina ile ile kama la vidude.

Halafu nikauliza swali ambalo ningeuliza mwanzo: hiyo 1333 ilikuwa inanipa nini? Prosesa hizi zinapata data kupitia njia ile inayoziunganisha na daraja la kaskazini tu. Kwa msingi wa 333 njia inapitisha mara nne kwa kila pigo, baiti nane kwa mara, ni kama gigabaiti 10.6 kwa sekunde. Ramu mbili za kasi ya 1000 zikifanya kazi pamoja zinaweza kutoa gigabaiti 16. Tayari ni zaidi ya njia inavyopitisha! Ni kama jeti pana inayopakua majahazi matatu pamoja halafu mizigo yote ipite kichochoro cha punda mmoja, ukiongeza jahazi la nne jeti itajaa tu, nyumbani mzigo hautafika mapema. Kwa hivo kuisukuma ramu kufika 1333 kwenye bodi hii ni kubeba hatari bila malipo.

Na kuchelewa kwake pia nilipiga hesabu. Ramu ya 1333 yenye CL9 inachukua mapigo tisa kujibu, ni kama nanosekunde 13.5. Hiyohiyo kwenye 1000 unaweza kuipa CL7, mapigo saba, nanosekunde 14. Tofauti ni nusu nanosekunde. Nikachagua ile "800", ikawa 1000, nikaandika mapigo ya kungoja 7-7-7-20 kwa mkono badala ya kuiachia baiosi ibahatishe, volti nikaacha 1.5 kama ilivyoandikwa.

Mara hii sikupanda kwa pupa. Kuna njia moja napenda sana, nataka kila mtu mwenye Core 2 aijue. Shusha kizidisho cha prosesa mpaka 6. Kwa msingi wa 333 prosesa inakuwa gigahezi 2.0, chini ya kawaida yake, haina sababu ya kuyumba. Hapo ukiona kosa ujue ni bodi au ramu, siyo prosesa. Nikapanda 280, 300, 320, 333, kila kituo Memtest, kituo cha mwisho usiku mzima mashine ikiwa kwenye UPS manake stima hapa haina ahadi. Asubuhi, sifuri. Ndipo nikarudisha kizidisho 9 nikaijaribu prosesa yenyewe kwa Prime95, kwanza ile Small FFTs ambayo inaichosha prosesa, halafu ile Blend ambayo inashika na memori. Kwenye Small FFTs kori moja ilitoa kosa baada ya dakika ishirini, nikaongeza volti ya prosesa hatua moja ndogo, ikakaa. PCI-E, njia ya kadi za nyongeza, nimeifunga megahezi 100 ili kadi ya video na vingine visivutwe na kamba ile.

Kipoza joto cha daraja nilikigusa wakati huo, kidole hakikai. Nikafunga feni ndogo ya sentimita nne juu yake kwa uzi wa mshipi wa kuvulia, inapuliza moja kwa moja, sasa kinashikika.

Kazi iliyobaki ilikuwa ile harusi. Nikanakili kadi zote mbili upya, halafu kila klipu nikaitolea alama ya MD5 (namba inayobadilika faili likigeuka hata biti moja) kwa amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows, mara moja kwenye kadi na mara moja kwenye diski, nikalinganisha. Klipu arubaini na moja, zote sawa. Zile nakala za kwanza nilizipima pia kabla sijazifuta, tatu zilikuwa tofauti, na kati ya hizo tatu moja niliitazama mwanzo mpaka mwisho sikuona kasoro yoyote kwa macho. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko ule mstari wa kijani.

Kurenda kulichukua masaa manne na dakika kumi, zamani ingekuwa matano na zaidi. Mamake bi harusi alikuja mwenyewe kuchukua, akaketi kitandani akaitazama pale mtandio unapofunuliwa, akanishika mkono, "mwanangu, Mungu akulipe," akairudia tena pale.

Mpaka leo kila kadi naipima kwa MD5 kabla ya kuiformati, ni dakika chache tu. Wakati wa kusi mashine iko 3.0 mchana na usiku, joto la kori halipiti 66. Kaskazi ikiingia, Januari mpaka Machi, upepo hauingii chumbani na mchana nakuta zimepanda mpaka 74, kwa hivo miezi ile mchana naiweka 2.4 na kuikata video, halafu baada ya isha dirisha likiwa wazi nairudisha 333 na kuiachia irende.